Thamani ya gari la marehemu na haki ya mnunuzi

MWAKA jana niliingizwa katika kadhia ambayo sikuiomba. Baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Tanga alinishika mkono akanieleza kuwa kuna mjane amemaliza eda, ana watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike, wote wadogo, na katika vyote alivyoacha mumewe kitu chenye bei ya maana ni gari. "Wewe umesoma mpaka chuo kikuu, tena unafundisha dini. Kasimamie tathmini, mayatima wapate haki yao."

Nilikubali nikidhani ni kazi ya hesabu tu. Mke ana thumni, kilichobaki mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaifanya hesabu hiyo bila kukuna kichwa. Kabla ya kugawa, hata hivyo, lazima ujue unachokigawa kina thamani gani, na hapo ndipo watu wanapodhulumiana.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1997, lile ambalo wengi huliita mkonga kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, ambayo kiwandani hutoka bila turbo. Marehemu alilitumia kufuata mahindi Handeni. Miaka ya mwisho, alipokuwa akiumwa, mdogo wake ndiye aliyeliendesha na ndiye aliyeligeuza. Aliinua springi, akavalisha matairi makubwa, akafunga winchi na ngao nzito mbele, keria ya chuma juu, tangi la pili la mafuta, na mwisho kabisa akaiwekea injini turbo. Kwa maelezo yake alitumia milioni 11.

Hoja ya kijana huyu ilikuwa fupi. Gari la aina hiyo likiwa la kawaida linauzwa milioni 38. Yeye ametia 11. Kwa hiyo bei ni milioni 49, na 11 kati ya hizo ni zake. Nakiri kuwa nilipoisikia mara ya kwanza niliiona ina mantiki. Mimi ni mtu wa fiqhi, difu siijui. Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima, naye akacheka mpaka akaweka spana chini.

"Mwalimu," akaniambia, "mnunuzi hanunui risiti."

Akalala chini ya gari karibu saa nzima, kisha akanisomesha. Unaanza na bei ya gari la aina hiyo na umri huo ambalo halijaguswa. Halafu unauliza kila kilichoongezwa: kuna mtu atakayekilipia? Tangi la pili, ndiyo, kwa mtu wa porini ambako kituo cha mafuta kiko mbali. Matairi yamelika nusu, basi ni nusu bei au chini ya hapo. Springi ndefu alizitia kwenye hasara, kwa sababu gari limeinuliwa kupita kiasi na shafti imekaa vibaya, na springi za kiwandani ziliuzwa chuma chakavu. "Angezitunza stoo, leo zingekuwa pesa. Mtu anapenda gari analoweza kulirudisha lilivyokuwa."

Kisha akanionyesha jambo ambalo lilinishangaza zaidi. Dashibodi hupima mwendo kwa kuhesabu mizunguko, haijui umevaa tairi gani. Ukivalisha tairi lenye mzingo mkubwa kwa asilimia 10, kila kilomita 100 zinazoandikwa gari limetembea 110. Hakuna mtu aliyegusa kipimo na hakuna aliyesema uongo, lakini kipimo kinasema uongo kila siku, na mnunuzi anakiamini.

Turbo ndiyo iliyokuwa msiba. Injini ambayo haikuundwa kwa ajili yake hupata joto kupita kawaida, hasa kwenye kilima na mzigo. Kijana alipobanwa akasema kweli: mlima wa Lushoto gari lilichemka, silinda hedi ikapasuka, ikachomelewa. Kwa mtu anayejua yote haya, fundi alikadiria milioni 33. Yaani zile 11 zilizotiwa zimelipunguzia gari milioni tano.

Suala la kijana tulilimaliza kwa wazee. Deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi, hilo halina ubishi, lakini deni linahitaji ushahidi. Yeye alikiri kwamba kaka yake alimwambia tu "fanya unavyoona", na kwamba fedha zenyewe zilitoka katika kulikodisha gari hilo hilo. Ruhusa si mkopo. Kwa suluhu akapewa winchi na keria, vitu vinavyofunguliwa bila kuliharibu gari. Hakufurahi.

Lakini kadhia iliyoninyima usingizi ilikuwa nyingine. Dalali alileta mfugaji kutoka Kiteto. Mteja aliliona gari limepakwa rangi, ngao inang'aa, limesimama juu kama linataka kuruka, akasema yuko tayari kwa milioni 41. Dalali akanivuta pembeni. "Ustadhi, habari ya hedi usiitaje. Hii si mali yako, ni ya mayatima. Qur'an imesema mali ya yatima isikaribiwe ila kwa njia iliyo bora. Sasa njia bora ni ipi, 41 au 33?"

Naomba msomaji asimdharau dalali huyu. Hoja yake ina uzito kuliko inavyoonekana. Kama gari lingekuwa langu, ningesema ukweli nikapata hasara, na hasara ingekuwa yangu. Hapa nilikuwa natakiwa kuwa mkarimu kwa mfuko wa mtoto wa miaka sita. Milioni nane ni ada ya shule ya miaka mingi. Nani amenipa idhini?

Nilirudi nyumbani nikafungua Msahafu, Sura ya sita, aya ya 152, ile ile aliyonisomea dalali. Nikaona alipokomea. Aya hiyo haijafika mwisho pale kwenye yatima. Mara tu baada ya kukataza mali yake isikaribiwe ila kwa wema, inaamrisha vipimo na mizani vitimizwe kwa uadilifu. Amri mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu, na sidhani ni kwa bahati. Msimamizi wa yatima ndiye mtu aliye karibu zaidi na kishawishi cha kuibana mizani, kwa kuwa ana udhuru mzuri.

Nikajiuliza: milioni nane hizo zinatoka wapi? Si katika chuma. Fundi amekipima chuma chote mpaka nati ya mwisho. Zinatoka katika kutokujua kwa mtu wa Kiteto. Marehemu aliacha gari, aliacha shamba dogo na baiskeli mbili. Hakuacha ujinga wa mteja katika mirathi yake.

Kuna jambo sijalieleza. Wiki chache kabla, mtu mmoja mwenye uwezo alimwendea mjane kumpa pole na papo hapo akataka kulinunua gari kwa milioni 20, taslimu. Mama wa watu hajui bei, nusura akubali. Tulipopata habari msikiti mzima ulikasirika, na dalali wetu alikuwa wa kwanza kumwita mtu huyo mnyonyaji. Nilimkumbusha. Yule alitaka kupata faida kwa sababu mjane hajui. Sisi tunataka kupata faida kwa sababu mfugaji hajui. Tofauti iko wapi, zaidi ya kwamba safari hii sisi ndio tunaopokea? Sahaba Jarir bin Abdullah (r.a.), kama alivyopokea Tabarani, alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwambia mwenye farasi kuwa anastahiki zaidi, akawa anapandisha mwenyewe mpaka akalipa 800, kwa kuwa alimuahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia kheri kila Muislamu. Farasi ndiye aliyekuwa gari la porini la zama zile. Jarir alikuwa mnunuzi. Muuzaji anayejua kasoro atadaiwa pungufu ya hapo?

Dalali hakukata tamaa. Akapendekeza tuandike kwenye mkataba kuwa gari limeuzwa kama lilivyo, tumalizane. Nikamweleza kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik: Ibn Umar aliuza kwa sharti kama hilo, mnunuzi akadai kasoro, na Uthman (r.a.) akamtaka aape kwamba hakuwa akiijua. Maneno "kama lilivyo" yanamkinga asiyejua. Mimi najua, mlima naujua na aliyechomelea namjua.

Basi mfugaji nilimwita tukakaa kwenye mkeka, nikamweleza hedi, matairi na zile kilomita. Alinyamaza kwa muda. Akaondoka, na dalali akaniangalia kama mtu aliyechoma nyumba. Siku ya nne akarudi na fundi wake kutoka kwao, akatoa milioni 33 na nusu, akasema kazi ya kwanza ni kuing'oa hiyo turbo.

Jioni nilimpelekea mama hesabu. Alikuwa ameshasikia habari ya 41 kutoka kwa shemeji yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hizo nyingine zimepotelea wapi?" Nikamjibu kwamba hazikuwahi kuwamo ndani ya gari. Aliniitikia kwa adabu, akazikunja karatasi, akaenda kuwapakulia watoto. Sidhani kama nilimridhisha, wala simlaumu.