Maumivu Yasiyo na Shahidi

Watu wa Mara walikuwa tangu kale na elimu yao ya maumivu, elimu isiyoandikwa katika vitabu bali katika miili ya vijana. Mvulana wa Kikurya alisimama mbele ya ngariba pasipo kupepesa jicho. Mjaluo wa Rorya aling'olewa meno sita ya chini. Na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, ambaye kaburi lake liko Mwitongo, Butiama, alichongwa meno ya mbele katika ujana wake kwa desturi ya Wazanaki. Aliyestahimili alipata heshima ya utu uzima, na aliyelia aliwatia jamaa zake fedheha. Siandiki ili kuitweza elimu hiyo, maana ujasiri ni fadhila katika kila taifa. Naandika kwa sababu naiona imevukishwa mpaka wake, ikatumiwa kuwahukumu watu ambao maumivu yao ni ya jinsi nyingine kabisa.

Maumivu ya kisu yalikuwa na siku iliyotangazwa, na mwisho uliojulikana, na umati uliosimama kushuhudia. Kijana alijua kwamba jeraha litapona, na kwamba kila aliyemtazama siku ile atakuwa shahidi wake maisha yake yote. Lakini mwanamke wa Bunda aliyeinamia pamba miaka mingi hata mgongo ukakataa kunyooka, au mchimba dhahabu wa Buhemba ambaye bega humkosesha usingizi, hana siku, hana mwisho, wala hana kovu la kuonyesha. Matabibu huyaita maumivu sugu yakiisha kupita miezi mitatu, nao wamegundua kwamba aghalabu jeraha la kwanza limekwisha kupona, ilhali mishipa ya fahamu, kwa mazoea ya muda mrefu, huendelea kupeleka habari ya hatari iliyokwisha kuondoka. Mtu huyu hasemi uwongo. Shirika la Afya Duniani limeyatia maumivu ya namna hii katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na baadhi yake huhesabiwa humo kuwa maradhi yenye kujitegemea.

Pana ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao katika nchi hii ya ziwa huiweka wazi hoja yangu kuliko mengine yote, nao ni selimundu. Chembe nyekundu za damu hujipinda, huziba mishipa midogo, na mifupa iliyonyimwa oksijeni huuma kwa ukali usioelezeka. Kisha maumivu hupoa, kisha hurudi, na kwa watu wazima wengi hukaa daima. Mwaka 1956 tabibu Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha hesabu ya damu za watu wa wilaya ya Musoma, ambayo zama hizo ilijumuisha Butiama. Katika watu wazima 654, waliokuwa wamerithi asili ya selimundu kwa mzazi mmoja walikuwa 249, na waliorithi kwa wazazi wote wawili walikuwa 5 tu. Lakini katika watoto wachanga 287, waliorithi pande zote mbili walikuwa 9. Msomaji na azitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Tofauti iliyo baina ya watoto na watu wazima ni makaburi, na kabla ya kila kaburi palikuwa na siku nyingi za maumivu ambazo hesabu yoyote ya damu haiwezi kuzionyesha.

Allison alikuwa amekwisha kudhihirisha, mwaka 1954, kwa nini asili hiyo hudumu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja hupata hifadhi dhidi ya malaria kali. Maadamu ni hivyo, damu iliyomnusuru babu, na shangazi, na pengine mimi niandikaye, ndiyo hiyo hiyo inayomtesa mjukuu aliyeipata maradufu. Yeye peke yake huyasikia maumivu, lakini si yake peke yake. Huenda mtu akasema kwamba hapana deni pasipo mapatano, nasi hatukupatana na yeyote juu ya damu yetu. Hasha! Warithi hawakupatana na wadai wa marehemu, na bado sheria ya mirathi huamuru madeni yalipwe kabla ya mali kugawanywa. Sisi tumekwisha kugawana uzima. Kumsadiki mgonjwa asemapo kwamba anaumwa ni sehemu ya kwanza ya malipo, wala si hisani tunayomfanyia.

Badala ya malipo hayo, aghalabu hupewa tuhuma. Huambiwa amerogwa, au ni mvivu. Na mama yake hulaumiwa peke yake, ingawa ugonjwa hautokei ila baba naye awe ametoa sehemu yake. Watu humhimiza awe na subira kama Ayubu, nao husahau kwamba Ayubu hakunyamaza, bali alimlilia Mola wake akaeleza dhara lililompata. Kwa mujibu wa Biblia, rafiki zake walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipofumbua vinywa walianza kumtafutia dhambi.

Kusadiki nako hudai matendo. Mwenye selimundu husaidiwa na maji mengi, na nguo za kumkinga na baridi ya ziwa, na kinga ya malaria, na haidroksiyurea, dawa ambayo kwa wengi hupunguza marudio ya maumivu. Nayo yakija, dawa ya kutuliza itolewe mapema kwa kipimo cha tabibu, si diklofenaki ya dukani inayomezwa kiholela na kuziumiza figo ambazo ugonjwa wenyewe huzidhoofisha. Mwenye mgongo sugu huhitaji kazi ya kiasi na mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo, kwani kulala kutwa humzidishia udhaifu. Na kwa maumivu makali mno ipo mofini: nchini Uganda, tangu tabibu Anne Merriman alipoanzisha shirika la Hospice Africa mwaka 1993, mofini ya maji imewafikia majumbani wagonjwa wa saratani na UKIMWI, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Jirani zetu hao hawakuwa matajiri kuliko sisi.

Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka katika Tanzania, na ukanda wa ziwa una fungu kubwa. Basi ninyi wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama, wapimisheni watoto damu mapema. Nanyi walimu, mtoto akisema mifupa inamuuma, wekeni fimbo chini, mpeni maji, mkampeleke zahanati siku hiyo hiyo.