Mwache dada apite

Kwetu Kalinzi, binti akipita na ndoo ya kahawa mbivu mbele ya kijiwe cha bodaboda, maneno huanza kabla hajafika. Akinyamaza, anaringa. Akijibu, hana adabu. Wengi wanadhani hakuna sheria. Ipo: tangu 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliingiza kifungu cha 138D kwenye Kanuni ya Adhabu. Hata maneno matupu ya kumsumbua mtu kijinsia ni kosa.

Basi tudai polisi waongezewe nguvu? Hapo nasita. Kanuni hiyohiyo ina kifungu cha 176, cha uzembe na uzururaji, ambacho kimetumika kuwazoa wanawake waliokutwa barabarani usiku. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilitoa ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka haki za binadamu.

Ndiyo maana nataka sheria inayotaja kitendo, siyo inayomwachia askari akisie tabia ya mtu. Nguvu isiyo na mipaka, tukiiomba leo imlinde binti, kesho itamkamata yeye.

Na sisi tuliokuwa kijiweni tukacheka? Kumwambia mwenzako "Bwana wee, mwache dada apite" hakuhitaji kifungu chochote.