Nani Aandikwe Jina?

Mtu aliyekusanya muziki kwa miaka mingi, kisha akauhamisha kutoka katika santuri na diski zake hadi ndani ya kompyuta, hukutana na swali ambalo hakulitazamia. Mashine humuuliza: msanii ni nani? Kwa wimbo wa redioni jibu ni jepesi. Lakini tuseme alichonacho ni Simfonia ya Tisa ya Beethoven, kama ilivyorekodiwa mjini Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1951. Msanii ni Beethoven, aliyefariki mwaka 1827, nusu karne kabla ya Edison kuvumbua mashine ya kunasa sauti? Ni Wilhelm Furtwängler, aliyeiongoza okestra usiku ule? Ni Elisabeth Schwarzkopf na waimbaji wenzake watatu, wanaosimama katika sehemu ya mwisho? Na Friedrich Schiller, mshairi ambaye maneno yake ndiyo yanayoimbwa humo, aandikwe wapi?

Mpango wa kuambatanisha maelezo na faili la muziki, uitwao ID3, ulibuniwa mwaka 1996. Ulikuwa mfinyu mno: baiti 128 tu, zilizobandikwa mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30, la msanii 30, la albamu 30, na mwaka ukapewa nne. Aina ya muziki ilipewa baiti moja, yaani namba katika orodha. Muziki wa kiklasiki wa Ulaya, pamoja na karne zake zote, ukawa namba 32. Jina la Ludwig van Beethoven, ukihesabu na nafasi baina ya maneno, lina herufi 20. La Wilhelm Furtwängler lina 19. Wawili hao hawaenei katika chumba kimoja. Mmoja alibaki nje, na mara nyingi walibaki nje wote isipokuwa mmoja.

Mwaka 1998 mpango huo ulitengenezwa upya. Sasa ipo nafasi ya mtunzi wa muziki, ipo ya okestra, ipo ya kiongozi wake, na ipo hata ya mwandishi wa maneno. Hii ya mwisho, inayowahusu washairi, ndiyo inayokutwa tupu mara kwa mara. Udhuru wa ufinyu umekwisha; uliobaki ni udhuru wa uvivu.

Atasema mtu: faili ni mali yangu, liko nyumbani kwangu, nalipanga ili nilipate upesi, nimemdhulumu nani? Hoja hii si ya kudharauliwa. Mtu hana deni kwa kila jina lililopita mbele ya macho yake, na kupanga vitu kwa urahisi si dhambi. Lakini faili halikai nyumbani. Hunakiliwa, hupewa rafiki, na rafiki naye humpa rafiki, likiwa limebeba maandishi yale yale. Hazina za mwanzo za majina ya diski kwenye intaneti zilijengwa hivyo hivyo: wasikilizaji wa kawaida, kila mmoja kwake, waliandika majina kwa mikono yao, na yakawafikia watu wasiojuana nao. Aliyeandika kwa faragha alikwisha kuwa shahidi bila ya kujua kwamba ameitwa barazani.

Uzito wa ushahidi huo ulionekana mwaka 2007. Mpiga piano wa Uingereza, Joyce Hatto, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akisifiwa kwa diski nyingi zilizotolewa kwa jina lake wakati alipokuwa mgonjwa. Msikilizaji mmoja alitia katika kompyuta diski yake ya mazoezi magumu ya Liszt, na kompyuta ikaonyesha jina la mpigaji mwingine: László Simon. Programu ile haikuwa na sikio. Iliitambua diski kwa urefu wa vipande vyake tu. Uchunguzi ulipofanywa, ikadhihirika kwamba kazi za wapigaji kadhaa zilikuwa zimevikwa jina la Hatto. Mumewe, aliyekuwa mtoaji wa diski hizo, alikiri, akasema amefanya hivyo kwa ajili ya mkewe. Huenda alimpenda kweli. Lakini zawadi aliyompa aliitoa katika mikono ya watu wengine.

Kosa la kusudi halina utata mkubwa. Linalotatiza ni lile lisilo na mkosaji. Katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa Bach, mna minueti mbili ndogo ambazo watoto wanaojifunza piano huzipiga hadi leo. Zilinakiliwa humo bila ya jina, na kwa kuwa daftari ni la nyumba ya Bach, zikahesabiwa kuwa ni zake. Miaka ya 1970 ndipo ilipobainishwa kuwa mtunzi ni Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Aliyeandika Bach kabla ya hapo hakudanganya. Lakini anayejua leo, na akaliacha jina la zamani kwa sababu Bach anapatikana upesi zaidi katika orodha, huyo hawezi tena kujificha nyuma ya daftari.

Washairi wa pwani yetu waliliona jambo hili zamani. Ndiyo maana wengi wao walitia majina yao na tarehe katika beti za mwisho za tenzi, ili mnakili asiweze kuwaacha bila ya kuuvunja utenzi wenyewe. Taarab haikupata kinga hiyo. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na nyimbo za kundi lake zilitungwa kwa kushirikiana: huyu akileta ubeti, yule akiurekebisha, mwingine akileta sauti ya ala. Kompyuta inapodai mtunzi, inadai mtu mmoja aliyeketi peke yake na kalamu. Kumwandika Siti pekee ni kumheshimu kwa kuwafuta wenzake. Na kuandika "wa jadi," kama wafanyavyo wengi, ni kuwafuta wote kwa adabu.

Unguja bado wapo wazee wanaomtambua mpiga fidla kwa mvuto wa upinde wake tu, na wanayoyajua hayamo katika hazina yoyote ya intaneti. Kijana mwenye kompyuta akiketi nao jioni moja, na santuri moja iliyofutika maandishi, atapata majina matatu, pengine manne, na mabishano juu ya la tano. Hilo la tano aliache tupu mpaka jioni nyingine.