Mkalimani na Neno "Inawezekana"

Sisi tunaofundisha Kiswahili tumezoea kudhani kwamba kosa la lugha humdhuru mwanafunzi katika mtihani tu. Natuwazie mama Mkongomani wa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa wa Kamuzu Banda. Amefika Lilongwe, amelala kwa dada yake mtaani Chinsapo, na asubuhi amepigwa ultrasaundi. Mtoto aliye tumboni, wa kiume, njia yake ya mkojo imeziba. Daktari asema Kichewa na Kiingereza. Mama na mumewe wajua Kiswahili. Mwalimu anaitwa awe mkalimani.

Jambo lenyewe si jepesi. Tangu wiki ya 16 hivi, maji yanayomzunguka mtoto hutokana zaidi na mkojo wake mwenyewe, na mapafu huyahitaji ili yakue. Mkojo ukizuiwa kabisa, kibofu hutanuka, figo huharibika, maji hupungua na mapafu hudumaa. Kizuizi kidogo pengine hakidhuru kitu. Mwaka 1981 Michael Harrison na wenzake, huko San Francisco, walimpasua mtoto wa namna hii angali tumboni. Majaribio ya kutia mrija, yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2013, yalionyesha kuwa huenda mrija ukaokoa uhai, lakini ni wachache mno waliobaki na figo nzima.

Basi daktari asema huenda mtoto akaishi. Mwalimu atamka: "Inawezekana, mama." Hapo ndipo penye hatari. Neno hilo lina maana mbili: jambo laweza kutukia, na jambo limo katika uwezo wetu. Daktari alikusudia ile ya kwanza. Mama, aliyekuja kutafuta dawa, amesikia ya pili. Atarudi Dzaleka akingojea tiba ambayo hakuna aliyemwahidi.

Wako watakaosema kuwa mja mzito hafai kutishwa. Twaiheshimu huruma hiyo. Wazee wetu hawakufumba maneno mbele ya mgonjwa bila sababu. Lakini aliyefumbiwa hawezi kuamua ajifungulie wapi, wala nani akae naye siku hiyo. Tena mara nyingine baba huitwa pembeni akaambiwa yote, mama akaachiwa tabasamu la mkalimani. Hatuoni haki katika hilo. Mimba ni yake.

Yafaa mkalimani aseme, "Mama, daktari hajui kama mtoto ataishi, yaweza kuwa, yaweza isiwe," kisha anyamaze, angoje swali lake hata likikawia. Na mama akiuliza, "Nawe mwalimu waonaje?", amgeukie daktari, amfasirie swali hilo hilo.