Imani Yako Inafanana na ya Dhehebu Gani?

Mtu aliyezaliwa ndani ya dini asiyoichagua, akisoma kidogo na kuchanganyika na watu, hufika mahali akajiuliza kama kweli anayaamini yale anayoyakiri kila Ijumaa au kila Jumapili. Akiwa mkweli hujaribu kujipima. Huorodhesha mambo anayoyaona kuwa sahihi: kama Mungu ana nafsi tatu au hana, kama roho huwa macho baada ya kifo au hulala hadi kiyama, kama mtoto mchanga abatizwe au asubiri akue, kama pombe ni haramu au ulevi ndio haramu. Kisha huilinganisha orodha hiyo na mafundisho ya Wakatoliki, Walutheri, Wasabato, Wapentekoste, Wasuni, Mashia, hata Mabudha ambao hajawahi kukutana nao, na kule ambako majibu mengi yanalingana na yake anaona ndiko kwao. Nia ni njema, tena ni bora kuliko ya yule aliyerithi dini kama shamba ambalo hajawahi kutembea mipaka yake. Lakini kipimo kina kasoro. Orodha ya namna hiyo hupima maoni ya mtu. Imani yake huonekana kwingine: katika kile anachokikimbilia akikwama, na katika sauti anayoiruhusu imkatalie.

Tuangalie kwanza watu walivyoyapata madhehebu yao, maana hapo hakukuwa na orodha yoyote. Machame na Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni majirani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliingia Machame mwaka 1893, na miaka hiyohiyo mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wameshaanza kazi Kilema, walijenga misheni Kibosho. Leo ukiambiwa mtu kwao ni Kibosho utakisia ni Mkatoliki, ukiambiwa ni Machame utakisia ni Mlutheri, na mara nyingi utapatia. Ni vigumu kumfikiria mzee wa wakati ule akizipima hoja za Martin Luther dhidi ya Roma kabla ya kumpeleka mwanawe kubatizwa. Walioamua ni mangi, yaani chifu wa Kichaga, aliyempokea mgeni, shule iliyokuwa karibu, na mahali pa kupata dawa. Ndivyo ilivyokuwa Rungwe kwa Wamoravian, Masasi kwa Waanglikana, Ndanda kwa Wabenedikto, na Upareni ambako Wasabato walipata mizizi yao ya kwanza nchini. Pwani nako ni hivyohivyo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye mwenyewe alikuwa Mmaliki, alipita huku mwaka 1331 na kuwakuta watu wa Mombasa ni Washafii. Elimu na biashara vilikuja na watu wa Arabia ya kusini. Vingekuja kutoka Morocco, leo tungekuwa Wamaliki na tungeutetea Umaliki kwa bidii ileile.

Hapo wapo wanaoruka moja kwa moja kwenye hitimisho: ikiwa dini yangu ni matokeo ya mahali nilipozaliwa, basi dini zote ni bahati nasibu na hakuna ya kushikwa. Hoja hii inapendwa sana na vijana wa vyuoni, na ina nguvu kuliko wahubiri wengi wanavyotaka kukiri. Lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Namna nilivyolipata wazo haiamui kama wazo hilo ni la kweli au la uongo. Inaniondolea tu haki ya kujivuna kwamba nililifikia kwa akili yangu. Tena kisu hicho hukata pande zote, maana asiyeamini wa Stockholm naye kazaliwa Stockholm. Aliyelishika swali hili kwa uzito unaostahili ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Aliona kwamba watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Mayahudi hukua Mayahudi, na wa Waislamu hukua Waislamu, na jambo hilo likamtikisa hata akaanza kutafuta kipi anakijua kwa hakika na kipi amekipokea tu. Aliwapitia wanakalamu (wanatheolojia wa Kiislamu), wanafalsafa, Wabatiniya (Mashia wenye kufuata maana ya ndani ya maandiko) na Masufi, akasoma vitabu vya kila kundi mpaka akaweza kuzieleza hoja zao. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad, moja ya nafasi za heshima kubwa kabisa kwa mwanazuoni wa zama zake, akaondoka. Sababu aliyoitoa inahusu mada yetu moja kwa moja: kwa kusoma alikuwa ameshafika mwisho wa kinachosomeka, na kilichobaki hakikuweza kupatikana ila kwa kukiishi. Mlinganishaji stadi kuliko wote alikuta kulinganisha kunamfikisha mlangoni tu.

Sasa tuitazame orodha yenyewe, tukichukulia kwamba mtu anaijaza kwa unyofu. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti juu ya Waislamu na Wakristo katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara, baada ya kuwahoji watu zaidi ya 25,000. Tanzania ilijitokeza kwa namna yake: asilimia 93 ya waliohojiwa walisema wanaamini kuna uchawi, na zaidi ya nusu waliamini kwamba sadaka kwa mizimu au kwa mababu zinaweza kumkinga mtu na mabaya. Hawa ni watu wa misikitini na makanisani. Wengi wao, wangepewa orodha ya mafundisho, wangeweka alama pale penye tauhidi au pale penye Kanuni ya Imani bila kusita, wala wasingekuwa wanadanganya. Lakini mtoto akishikwa na homa isiyoeleweka usiku wa manane, orodha huwekwa kando. Mwalimu wa madrasa anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa maji ya marashi, na mgonjwa anakunywa kombe. Kwa jirani Mlokole chupa ya mafuta ya upako inatolewa kabatini. Nyumba ya tatu kuna mama mzee anayesema kimyakimya kwamba babu yenu hajatambikiwa. Wanazuoni watatofautiana, na wana haki ya kutofautiana, juu ya kipi katika hivyo ni halali. Ninachokisema ni kidogo zaidi: saa ile kila mmoja anaonyesha anachokitegemea, na hakuna swali la orodha lililomuuliza hicho.

Tofauti za mafundisho pia hazieleweki kwa kuhesabu. Zanzibar ni shule nzuri ya jambo hili. Ibadhi na Shafii wamesali bega kwa bega huko kwa vizazi. Simama safu ya nyuma uangalie: mmoja amefunga mikono, kulia juu ya kushoto, mwenzake kaiachia ining'inie ubavuni. Imamu anapomaliza Alhamdu, mmoja anaitikia Amin kwa sauti, mwingine yuko kimya. Hizi ndizo tofauti zinazoonekana, na mwenye orodha angezipa alama mbili tatu. Zisizoonekana ni nzito mno. Shafii, kama Wasuni wengine, anaamini waumini watamwona Mola wao huko Peponi. Ibadhi anasema Mungu haonekani kwa macho, si duniani wala Akhera. Ibadhi anafundisha kwamba mwenye dhambi kubwa aliyekufa bila kutubu atabaki Motoni milele. Sunni anatumaini kwamba Mwislamu huyo atatolewa siku moja. Kuonekana kwa Mungu na kudumu kwa adhabu: kuna maswali gani makubwa kuliko haya? Hata hivyo masultani wa Kibusaidi waliotawala Zanzibar, Maibadhi wenyewe, waliweka makadhi wa Kishafii kwa raia Washafii, na watu wakaoana na kuzikana. Upande mwingine, wapo Wasuni wa leo wanaokubaliana karibu kila kitu katika itikadi na wameshindwa kukaa msikiti mmoja kwa sababu ya maulidi, au wanakula Idd siku mbili tofauti katika mtaa mmoja kwa sababu huyu anafuata mwezi ulioonekana nchini na yule anafuata ulioonekana popote duniani. Kwa hesabu ya orodha hawa ni ndugu na wale wa kwanza ni wageni kwa wenzao. Maisha yanasema kinyume.

Wakristo wana mfano wao, wa wazi zaidi kwa kuwa una tarehe na saini. Mafundisho juu ya kuhesabiwa haki ndiyo yaliyokuwa kiini cha mgawanyiko wa karne ya 16. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba katika misingi ya fundisho hilo wanakubaliana, na kwamba laana za zamani hazimgusi anayefundisha kama tamko linavyosema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Swali kubwa kuliko yote lilikuwa limepata jibu la pamoja, na Jumapili iliyofuata Mlutheri na Mkatoliki waliendelea kupokea sakramenti kila mmoja kwake. Kumbe kilichowatenga kilikuwa pia mamlaka, daraja la upadre, kumbukumbu za damu, na mazoea ya zaidi ya karne nne.

Hapo msomaji makini atanikamata. Atasema: unataka kutuambia mafundisho hayana maana, mradi watu wanazikana? La. Mwaka 1913 wamisionari wa Kianglikana, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti na wengine walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta muungano wa makanisa yao, kwa sababu ya tatizo la kweli kabisa: Mkristo aliyehama eneo la misheni moja kwenda la nyingine alijikuta mgeni kanisani. Mkutano ulimalizika kwa ibada ya pamoja ya ushirika mtakatifu. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alikasirika na kuwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Ni rahisi kumcheka leo. Lakini Weston aliona jambo ambalo wapenda amani hulisahau: kanisa lisiloweza kusema linafundisha nini haliwezi kumtaka mtu chochote. Kwa imani zinazopingana ugumu ni mkubwa zaidi. Mkristo anasema Yesu alisulubiwa akafa. Kurani katika Sura An-Nisaa, aya ya 157, kama wafasiri wengi wanavyoielewa, inasema hakusulubiwa. Tukio lilitokea au halikutokea, na ukarimu wa majirani hauwezi kuyafanya yote mawili kuwa kweli. Anayesema dini zote zinafundisha kitu kimoja hajazisoma, au amezisoma na hakuzistahi vya kutosha.

Kwa hiyo ukweli una uzito, ila orodha huukosea kwa kugeuza uhusiano. Mwenye orodha anakaa kiti cha hakimu: dini zinapita mbele yake naye anachagua inayokubaliana naye. Lakini dini inayokubaliana nami katika yote haijanifundisha kitu. Imenirudishia maoni yangu yakiwa yamevaa kanzu au joho. Ndipo linapokuja dhehebu la mtu mmoja, ambalo sasa lina wafuasi wengi mijini: huruma ya Yesu, swaumu ya Ramadhani kwa afya, kutafakari kwa Mabudha, na hakuna zaka. Pingamizi langu kwa huyo ni kwamba hana wa kumwambia amekosea. Siku akimdhulumu mfanyakazi wake wa ndani, hakuna sheikh, padre, mzee wa kanisa wala jumuiya ndogondogo yenye haki ya kumwita. Atanijibu kwamba mashehe na mapadre nao wamedhulumu watu, na walilindwa na jumuiya zilezile. Ni kweli. Hata hivyo tunajua walidhulumu kwa kuwapima kwa sheria wanayoikiri wenyewe. Mwenye dini ya peke yake hubadilisha sheria usiku na kuamka hana hatia.

Hilo halimfungi mtu kwenye dini ya kuzaliwa. Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa alitoka katika ukoo uliokuwa wa Kiibadhi, akawa Msuni kwa kusoma na kujadiliana, akaandika dhidi ya itikadi ya watawala wake. Sultani Barghash wa Zanzibar alimfunga, na alitoka gerezani baada ya Sultani kufariki mwaka 1888. Huyo alilinganisha, akaamua, na akaulipia uamuzi wake. Nikitaka kujua kama mtu amebadili imani au amebadili maoni tu, nitatazama alichokuwa tayari kupoteza.

Anayetaka kulinganisha leo, basi, alinganishe kwa haki. Tangu mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini avume, mihadhara ya Biblia na Kurani imewazoesha watu wetu kulinganisha lililo bora kwao na lililo baya kwa mwenzao, kwa maikrofoni na mbele ya umati unaosubiri mtu aaibike. Huko mtu hutoka na ushindi, hatoki na elimu. Muulize mwenye dhehebu mambo ambayo hayamo katika vijitabu: mnamfanyia nini mjane, nani huwaonya viongozi wenu wakikosea, mtu wenu akishindwa kufunga au kutoa mnamtendaje, na ni fundisho gani linalokusumbua wewe mwenyewe na bado umebaki. Kisha soma kitabu chake mwenyewe, si majibu ya wapinzani wake. Biblia nzima katika Kiswahili cha Union Version ipo tangu 1952, na Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy tangu 1969. Zote mbili zinauzwa madukani.