Saa Kumi ya Nani?

"Saa kumi gani hiyo, mwanangu, na alasiri bado haijaadhiniwa?"

Mama mdogo aliuliza swali hilo nje ya geti la bandari ya Malindi, Zanzibar, huku amemshika binti yake mkono. Binti alikuwa akitazama saa yake na kusema muda umekwisha, saa kumi inaingia, lazima arudi melini. Mimi nilisimama pembeni na daftari langu la mipango, na simu yangu ilikuwa inasema saa tisa kasoro dakika kumi. Tulikuwa watu watatu wa ukoo mmoja, jua ni lilelile, na saa zetu haziafikiani. Aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote ni yule asiyevaa saa.

Nimelibeba swali lile mpaka leo. Mwanzo nililichukulia kama la mama wa Handeni asiyejua mambo ya meli. Siku hizi naliona ni swali la maadili: watu wawili wenye saa tofauti wakiahidiana kukutana, ni nani mwenye wajibu wa kutafsiri?

Nieleze ilivyokuwa. Mdogo wangu huyo anafanya kazi kwenye meli ya kitalii, upande wa kufua na kupiga pasi mashuka. Alikuwa hajaonana na mama yake kwa miaka miwili. Akatuandikia kwamba meli yao itapita Zanzibar siku moja tu, na bosi wake amempa ruhusa ya saa tatu: "Natoka 13:00, niwe ndani 16:00." Basi. Mama mdogo anaishi Handeni, mimi niko Korogwe. Kwa anayekwenda Dar angeweza kupandia basi pale Mkata, ni karibu zaidi, lakini alisema bahari haivuki peke yake. Akaja kwangu na kikapu chake. Mimi ndiye niliyepanga kila kitu: basi la kutoka Korogwe, pa kulala Dar, boti ya saa moja asubuhi. Kwenye daftari nikaandika: "Saa saba mpaka saa kumi, getini." Nikapiga mstari chini yake, nikajiona mtu makini.

Kutafsiri saa si jambo geni kwetu. Tiketi imeandikwa 06:00, mdomo unasema saa kumi na mbili asubuhi. Ukikuta imeandikwa "saa 12:00" unamuuliza mkata tiketi, hii ni ya alfajiri au ya mchana? Hakuna anayekucheka, maana wapo walioachwa na basi kwa sababu ya kutouliza. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka, na huku kwetu, karibu na Ikweta, jua halichezi sana na ratiba yake. Tofauti ya saa sita kati ya mdomo na maandishi tumeizoea kama tunavyozoea ngazi ya nyumbani: mguu unaijua bila macho.

Kosa langu lilikuwa hapohapo. Nilitafsiri 13:00 kuwa saa saba, nikadhani kazi ya kutafsiri imekwisha. Sikujua kwamba nyuma ya tofauti ile ya saa sita ilikuwepo nyingine, ya saa moja tu. Tofauti kubwa hujitangaza. Mtu akikwambia tukutane saa saba halafu ukakuta ni usiku, utashtuka. Tofauti ya saa moja haimshtui mtu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Meli ilikuwa imetoka Shelisheli. Kule saa ziko mbele ya Greenwich kwa saa nne, Tanzania kwa tatu, na ukishuka Msumbiji na Afrika Kusini ni mbili. Kwa hiyo meli ikienda kutoka Shelisheli hadi Durban kupitia kwetu inakutana na saa za aina tatu. Lakini melini anayetangaza saa ni nahodha. Akiona siku moja ya Zanzibar haitoshi kuwasumbua watu na mishale, anaiacha saa ya meli ilivyo. Watalii wanaoshuka kutembea huonywa: rudini kwa saa ya meli, msifuate ya simu. Maana simu ikishika mnara wa nchi kavu, inajibadilisha yenyewe bila kumwambia mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa na saa ya mkononi, na laini yake ya nje haikushika mtandao kwetu. 13:00 yake ilikuwa saa sita yetu. Alitoka, akasimama getini saa nzima, akitazama kila mwanamke mwenye kikapu.

Na sisi tulikuwa wapi? Hapa ndipo roho inaponiuma. Boti yetu ilifika saa tatu, na boti zinashusha watu palepale Malindi. Mama mdogo alitaka tukae getini tangu muda ule. "Tukae tu, mwanangu, akitoka atukute." Mimi nikamwambia, mama, saa nne nzima juani za nini, muda upo. Nikampeleka Forodhani akapate upepo na chai. Saa saba kamili tulikuwa getini, na mtoto alikuwa keshalia.

Pale Forodhani tuliketi karibu na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mbele ya majumba hayo ndipo zilipotia nanga manowari za Waingereza mwaka 1896. Walimwambia Khalid bin Barghash awe ameondoka ikulu kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Ilipotimu saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na katika muda usiofika saa moja vita vikawa vimekwisha. Sidai kwamba kulikuwa na utata wa saa siku ile, kila mtu alielewa. Nataja kwa sababu inaonyesha jambo moja: kwenye miadi, mwenye saa ni yule anayeweza kufanya kitu muda ukipita. Mwingine ana mishale tu.

Utaratibu wenyewe wa saa za dunia ulizaliwa hivyo. Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa walikaa Washington wakakubaliana kuhesabu kuanzia Greenwich. Silaumu. Meli, reli na simu za waya zilihitaji hesabu moja. Jules Verne alishaliona hilo mapema, katika riwaya yake ya Phileas Fogg anayeizunguka dunia kwa siku 80. Mtumishi wake, Passepartout, anakataa katakata kuibadilisha saa yake ya urithi. Inasoma saa za London popote alipo, na yeye anaona jua ndilo limekosea. Tunamcheka. Lakini meli iliyotia nanga Zanzibar na saa ya Shelisheli inafanya kilekile, na hakuna anayecheka, kwa sababu Passepartout hana uwezo wa kumwacha mtu bandarini.

Kuna atakayesema: meli ina watu maelfu, haiwezi kumsubiri kila mtu. Kweli. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliondoka São Tomé ikawaacha abiria wanane waliochelewa kurudi matembezini, wakabaki kuifukuza nchi kwa nchi. Wengi walimlaani nahodha, wengi wakamtetea, na mimi niko karibu na waliomtetea. Ninajua kusubiri kunavyogharimu. Gari za Handeni kwenda Korogwe huondoka zikijaa. Konda akisema "tunaondoka sasa hivi", hiyo "sasa hivi" inaweza kumtosha mtu kula, kuswali na kugombana. Gari hilo halimwachi mtu, lakini linamchelewesha mgonjwa aliye ndani. Upole kwa anayekuja ni ukali kwa aliyekwisha kukaa.

Kwa hiyo wajibu ninaoutafuta si wa kusubiri. Ni wa kutafsiri, na haya ni mambo mawili tofauti. Anayesubiri anatumia muda wa wengine. Anayetafsiri anatumia maneno matatu tu: "kwa saa yenu." Meli ina haki ya kuondoka kwa saa yake, haina haki ya kumwachia dhaifu kazi ya kugundua kwamba saa hiyo ni nyingine. Anayeweza kumwacha mwenzake ndiye anayepaswa kutafsiri. Sababu ni rahisi: kosa likitokea, yeye hapotezi kitu. Asiyepoteza hana cha kumkumbusha kuwa makini, isipokuwa wajibu.

Nilipofika hapa katika kuwaza nilifurahi, maana niliona nimemkamata mkosaji. Halafu nikajiuliza: siku ile nani alikuwa na uwezo wa kumwacha mama mdogo? Meli ilimpa mdogo wangu saa yake bila kumkumbusha. Yeye, kwa uchovu wa kazi, alinipa mimi ileile bila kuongeza neno. Mimi nikaipokea, nikampa mama mdogo. Tulikuwa ngazi, na kila mmoja alimpokeza wa chini yake namba aliyopewa. Lakini mimi nilikuwa na simu yenye ramani ya dunia nzima na siku kumi za kuuliza swali moja: "Saa saba ya wapi?" Sikuuliza, kwa sababu aliyeniamini hakuwa na namna ya kunikagua.

Na mama mdogo alikuwa na jibu lake tangu asubuhi: tukae getini. Zamani niliona ile ni tabia ya watu wa kijijini, kufika stendi saa kumi usiku kwa basi la saa kumi na mbili, kulala mlangoni pa hospitali kabla haijafunguliwa. Sasa naiona ni bima. Mtu asiyejua saa ya wakubwa inasomeka vipi hulipia tofauti hiyo kwa kuwahi. Analipa kwa muda wake, kitu pekee alichonacho cha kulipia, halafu sisi wenye saa tunamwambia anapoteza muda.

Walipata saa mbili badala ya tatu. Dakika zile za mwisho zililiwa na ubishi wa saa kumi, mpaka mdogo wangu akaelewa, akaacha kubishana, akamkumbatia tu. Akaingia. Sisi tukabaki pale na kikapu kitupu. Tulikuwa tumeshafika Darajani ndipo adhana ya alasiri ikasikika. Mama mdogo alisimama akasikiliza mpaka mwisho, hakunitazama.

Njia nzima ya kurudi hakunilaumu. Tulipokaribia Korogwe ndipo aliponiambia, "Siku nyingine mwambie aandike kabla ya alasiri, au baada ya adhuhuri. Hizo hazibebwi na meli."

Nimemwandikia mdogo wangu. Amejibu kwamba atajaribu, ila kule katikati ya maji haisikii adhana. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri bado iko pale pale, na sasa najua ni ya nani.