Sungura na Sura ya Mlima

Sura ni kitu cha kwanza kupendwa na cha mwisho kusahauliwa. Mtu huipenda nyumba kabla hajauliza nani aliyeijenga, hukipenda chombo kilicho baharini kabla hajajua kinachukua shehena gani, na huupenda uso wa mwenziwe kabla hajaupima moyo wake. Kwa sababu hiyo, sura ya kitu ibadilishwapo, mpenzi wake hushtuka kama mtu aliyeibiwa. Mwenye mali husema, "Kitu ni changu, nami nimekibadili." Mpenzi hujibu, "Mali ni yako, lakini mapenzi ni yangu, nawe umeyavunja pasipo kuniuliza." Kati ya maneno mawili haya pana swali la haki: apendaye ana dai gani juu ya sura ya kipendwacho?

Swali hili huonekana dogo likiulizwa mahali pa furaha. Siku za Idi, katika kisiwa cha Pemba, watoto wa mji wa Chake Chake na wa vijiji vya mbali huvaa nguo mpya wakamiminika katika kiwanja cha kufurahishia watoto cha Tibirinzi. Pembea, machoni pa mzee, ni chuma na rangi. Machoni pa mtoto ni malipo ya mwaka mzima wa kungoja. Rangi ya pembea ikibadilishwa mzee hatambui, lakini mtoto hutambua kabla hajaikaribia. Pengine atafurahi, pengine atanuna, na watu wazima watamcheka. Kicheko hicho si cha haki. Mtoto aliyeiweka kumbukumbu ya furaha yake juu ya rangi fulani amepotewa na kitu cha kweli rangi ile ifutwapo, ijapokuwa kitu hicho hakiandikwi katika daftari lolote la mali.

Mtoto huyo huyo arudipo nyumbani usiku, bibi yake husema, "Paukwa!" naye huitika, "Pakawa!" na katika ngano ifuatayo Sungura humshinda Simba. Pemba haina simba. Ngano zake zilivuka bahari pamoja na watu kutoka bara, zikapokewa, zikavishwa lafudhi ya kisiwa, hata zikawa za wenyeji. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana ndugu za Sungura huyu walivuka bahari iliyo pana zaidi, na safari yao ndiyo iliyozaa mfano ulio bora wa swali lililoulizwa hapa, yaani ugomvi uliotokea Marekani juu ya sura ya mlima mmoja wa maji.

Ngano za mnyama mdogo mwenye hila zimetapakaa Afrika, magharibi na kati, kusini na mashariki. Watu waliochukuliwa utumwani Marekani, ambao wengi wao walitoka pande za magharibi na kati, walinyang'anywa kila mali. Walakini hapana mnyororo uwezao kuifunga ngano. Sungura alisafiri ndani ya vifua vyao, akasimuliwa katika mashamba ya pamba. Huko mwenye nguvu alikuwa bwana, na msimulizi alikuwa mnyonge. Kila ushindi wa Sungura ulikuwa faraja, na faraja ilikuwa silaha pekee isiyoweza kupokonywa. Joel Chandler Harris, Mzungu mwandishi wa gazeti katika Georgia, ambaye katika ujana wake alizisikia ngano hizo kwa watumwa wa shamba moja, alizichapisha kitabuni mwishoni mwa mwaka 1880. Alizitia katika kinywa cha mzee wa kubuni aliyemwita Uncle Remus. Juu ya jalada paliandikwa jina la mwandishi. Majina ya waliomsimulia hayakuandikwa hapo.

Mwaka 1946 kampuni ya Walt Disney ilizifanya ngano hizo kuwa filamu, Song of the South. Chama cha NAACP, chenye kutetea haki za watu weusi wa Marekani, kiliilaumu filamu ile kwa kuyapamba maisha ya mashambani, kana kwamba baina ya bwana na mtumishi hapakuwa na ila upendo. James Baskett, aliyekuwa Uncle Remus katika filamu, hakuwapo siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta, kwa kuwa mji ule ulikuwa chini ya sheria za ubaguzi. Sauti yake ilisikiwa katika jumba ambalo mwenyewe hakuweza kuketi pamoja na waliomshangilia.

Katika filamu hiyo ndimo ulimotoka mlima. Mwaka 1989, katika bustani ya michezo ya kampuni hiyo huko California, ulifunguliwa mchezo ulioitwa Splash Mountain. Mwaka 1992 ikafunguliwa milima mingine miwili, mmoja Florida na mmoja Tokyo. Watu waliketi ndani ya vyombo vilivyofanana na magogo yaliyochongwa, wakachukuliwa na maji ya mfereji, wakapita mapangoni penye sanamu za wanyama waimbao, kisha wakaporomoshwa kutoka urefu upatao mita 15. Poromoko hilo lilikuwa na maana yake. Ndipo mahali ambapo Sungura, akiwa amekamatwa na Mbweha, alimsihi amtende atakavyo ila asimtupe katika miiba. Naye Mbweha akamtupa papo hapo, asijue kwamba miibani ndiko alikozaliwa. Msomaji wa pwani hatakosa kumtambua. Katika ngano za Zanzibar alizochapisha George Bateman huko Chicago mwaka 1901, Sungura aliyekamatwa na Simba humfundisha adui yake namna ya kumwua: amshike mkia, amzungushe, ampige chini, Simba alipofanya hivyo Sungura akamponyoka mkononi. Hila ni moja, na damu ya ngano ni moja.

Mwezi wa Juni mwaka 2020, wakati maandamano ya kupinga ubaguzi yalipoenea Marekani, kampuni ilitangaza kwamba mlima wa California na wa Florida utabadilishwa. Ule wa Florida ulifungwa Januari 2023 ukafunguliwa Juni 2024; ule wa California ulifungwa Mei 2023 ukafunguliwa Novemba 2024. Mlima wa Tokyo haukuguswa katika mabadiliko hayo. Pahala pa Sungura pakashikwa na Tiana, binti mfalme mweusi wa kwanza katika filamu za kampuni hiyo, ambaye hadithi yake ilitolewa mwaka 2009 na ambaye baadhi ya sifa zake zilitoka kwa Leah Chase, mpishi mashuhuri wa New Orleans. Mfereji ulibaki ule ule, na poromoko likabaki lile lile. Kilichogeuka ni sura. Majabali mekundu ya Florida yalivikwa majani mabichi, na juu pakasimamishwa mnara wa tangi la maji wenye taji.

Wapenzi wa mlima waligawanyika. Wa kwanza waliona kwamba majani yale yameuhuisha mlima, na kwamba mtoto mweusi aingiapo bustanini atainua macho akaona taji la mtu anayefanana naye. Wa pili walisema kwamba mnara wa tangi ni pambo la kiwanda, haustahili kuwa kilele cha ndoto. Wa tatu walikumbusha kwamba nchi ya New Orleans ni tambarare, basi mlima umetoka wapi? Watengenezaji wakawajibu kwa kisa cha kilima cha chumvi, kwa sababu vilima vya namna hiyo vimo kweli katika Louisiana. Wa nne, ambao neno lao lilikuwa zito kuliko yote, walisema kwamba poromoko limepoteza sababu yake: zamani mtu alianguka pamoja na Sungura ili aokoke, na sasa huanguka ili afike karamuni. Mlima wa Florida ulipokaribia kufungwa, wako waliokinga maji ya mfereji wake katika vyombo wakayatia mnadani.

Ni rahisi kuwacheka waliouza maji, lakini anayewacheka na ajihoji. Katika nyumba ngapi za Pemba hutunzwa kikombe kilichopasuka kwa sababu marehemu alikinywea? Mapenzi hayachagui chombo chenye thamani ili yakae ndani yake. Chombo hupata thamani kwa kukaliwa na mapenzi. Kwa hiyo mpenzi ana dai la kweli, nalo ni dai la kusikizwa. Mwenye mali aliyewaalika watu kwa muda wa miaka 30 waipende sura fulani, akachukua fedha zao kwa mapenzi hayo, hawezi kusema siku ya kuibadili kwamba hawamhusu.

Walakini dai la kusikizwa si dai la kutii. Mapenzi yana kosa moja la siku zote: hudhani kwamba kitu kilizaliwa siku yalipokutana nacho. Beit al-Ajaib ya Unguja ni shahidi. Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na uso wake haukuwa na saa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga; mnara wa taa uliokuwa mbele ya jumba ukaharibika, na jumba lilipotengenezwa mwaka 1897 mnara wa saa ukapandishwa katika uso wake. Vizazi vikaja vikaipenda saa ile kama alama ya jumba na ya mji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka pamoja na mnara, na watu wa visiwani wakalia. Machozi yao yalikuwa ya haki. Lakini sura waliyoililia ilikuwa yenyewe badiliko, tena badiliko lililozaliwa na mizinga. Usione vyaelea, vimeundwa. Apendaye sura kwa kuwa ni ya asili aghalabu hupenda mabadiliko ya jana.

Basi ikiwa dai la mpenzi ni la kusikizwa, liko dai lililo juu yake, nalo ni la aliyedhalilishwa. Furaha ya mmoja ikisimama juu ya fedheha ya mwingine, urefu wa furaha hiyo haugeuzi fedheha kuwa halali. Yamkini mpenzi atasema, "Mimi sikumdharau mtu, nilipenda maji na nyimbo tu." Asadikiwe, maana wengi wao walisema kweli. Lakini kutojua kwa mpitaji hakuuondoi mwiba mguuni mwa aliyechomwa. Hapo ndipo kampuni ilipokuwa na wajibu wa kubadili, na wanaoulaumu wajibu huo kwa ajili ya kumbukumbu zao wameweka mizanini vitu viwili visivyolingana.

Hata hivyo hukumu haiishii hapo, maana iko haki moja ambayo katika ugomvi ule haikupata watetezi wengi. Fedheha ya filamu ilikuwa katika namna ya kuyasimulia maisha ya mashambani. Haikuwa katika Sungura. Sungura alikuwa mali ya hao hao waliodhalilishwa. Ndiye aliyewafariji babu zao usiku, ndiye aliyewafundisha kwamba aliyefungwa aweza bado kumshinda aliyemfunga. Kampuni ilipolisafisha doa ilikitupa na kitambaa. Aliyeibiwa alirudishiwa heshima kwa kuvishwa taji jipya, lakini kilichoibwa hakikurudishwa, kilifichwa. Na wale waliomlilia Sungura, wengi walimlilia kama mwana wa filamu, wasimlilie kama mwana wa watu waliomvusha bahari.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Sura mpya juu ya jambo lisilosemwa ni mkakasi. Haki kamili ingekuwa kuondoa matusi na kutaja chimbuko: kumwonyesha mtoto kwamba mnyama huyu mdogo alitoka Afrika vifuani mwa watu waliofungwa, na kwamba hila yake haikuwa mchezo bali namna ya kuishi. Mlima wa namna hiyo ungeweza kumweka Tiana na Sungura pamoja, bibi na mjukuu, wala pasingekuwa na haja ya mmoja kumfukuza mwingine. Poromoko nalo lingebaki na maana yake.

Katika Pemba msimulizi huigeuza ngano kila usiku. Leo Fisi ni mlafi, kesho ni mwoga. Leo ni asali mbuyuni, kesho ni maji kisimani. Watoto wanaoijua hupiga kelele, "Sivyo, bibi! Jana hukusema hivyo!" Bibi hucheka, huwasikiliza, pengine hujisahihisha, pengine hushika njia yake. Huo ndio mfano wa haki iliyotafutwa. Watoto wana haki ya kupiga kelele, kwa kuwa wanapenda. Bibi ana haki ya kugeuza, kwa kuwa amepewa amana. Lakini bibi mwema hawaambii watoto kwamba ngano ameitunga yeye. Husema, "Nami nilisimuliwa." Mwenye kubadili sura ya kitu kipendwacho, awe mwenye bustani, mwenye jumba au mwenye ngano, akilisema neno hilo kwa kweli, mpenzi atakuwa na njia ya kumsamehe, na asiposema, hata taji lililo juu ya mnara halitamtetea.